Jini Aliyelinda Mpaka wa Maji Mawili

Zamani, wakati majini walipokuwa bado wakiitikia salamu, palikuwa na kisiwa katika Ghuba, na mtawala wake alikuwa Sultani Mudhaffar bin Luwai, naye akikaa katika mji wa Kalaa, ndani ya ngome iliyojengwa juu ya ngome iliyojengwa juu ya ngome nyingine, kwa kuwa kila mfalme aliyepata kupita pale aliona uvivu kubomoa ya mwenzake akajenga juu yake. Na sultani huyu alikuwa na kila anachopaswa kuwa nacho sultani, kiti cha fedha na farasi wa Najdi na mawaziri saba wa kukubaliana naye, ila alikosa kitu kimoja, nacho ni jina la nchi yake.

Si kwamba majina hayakuwapo. Yalikuwa mengi kupita kiasi. Wenye mashamba ya mitende waliiita Nchi ya Kivuli, na wazamiaji wa lulu wakaiita Kitanda cha Lulu, na wafinyanzi waliokaa karibu na vilima vya makaburi ya watu wa kale walikuwa na jina lao, na wachunga ngamia wa mchangani walikuwa na lao, na kila mmoja akisikia jina la mwenzake hukunja uso kama aliyetiliwa chumvi katika halua. Barua kutoka ng'ambo zilikuja zimeandikwa "Kwa Sultani wa Pale", nazo zilifika salama, na sultani aliona aibu kila alipozifungua.

Basi katika kisiwa hicho alikuwapo mtu aitwaye Thani bin Ghanim, mvuta kamba katika merikebu za lulu, umri wake miaka arobaini na saba, na tumbo lake lilikuwa limeanza kumtangulia mlangoni. Alikwisha kufika Hindi na Sindi na Basra na pwani ya Zanji, akarudi na visa vingi kuliko mali, na kila baraza alilokaa aliwachekesha watu kwa kuwacheka watu: namna Wahindi wanavyopatana bei, namna Wabasra wanavyojisifu, namna kadhi wa Kalaa anavyosinzia katikati ya hukumu. Lakini yeye mwenyewe hakupata kuchekwa hata siku moja, na jambo hilo alilitunza kama mtu anavyotunza kilemba cha sikukuu.

Na kazi ya mvuta kamba ni kazi ya dhamana. Mzamiaji hushuka na jiwe miguuni, na roho yake yote imo vidoleni mwa yule aliye juu. Kamba ikikaza, mtu yu salama. Kamba ikilegea ghafla, basi amezimia, na sheria ya lulu ni kuvuta kwa nguvu zote, bila kuuliza, bila hata kumaliza neno ulilokuwa ukisema. Kwa miaka ishirini Thani hakupoteza mtu.

Msimu wa lulu ulipokwisha mwaka ule, Thani akaenda kijiji cha Mwambani, na sababu ya kwenda huko ilikuwa mjane aitwaye Moza binti Rumaithi. Moza alikuwa mzamia maji. Huko Mwambani, chini kabisa ya bahari ya chumvi, kuna chemchemi za maji matamu zinazobubujika kutoka mwambani, na watu wa kijiji hicho hushuka na kiriba kikavu cha ngozi kwapani, wakakifungua mdomo juu ya chemchemi, wakakijaza, wakakifunga, wakapanda nacho. Watu wa mjini hawakujua habari hii. Walinunua maji mlangoni, wakasema ahsante, wakafunga mlango. Thani naye alikuwa akinunua maji kwa Moza mwaka wa pili sasa, maji asiyoyahitaji, mpaka mitungi yake yote ikajaa akaanza kunywesha paka wa jirani.

Siku mvuta kamba wa Moza aliposafiri kwenda Hija, Thani akajitolea. Wakatoka asubuhi kwa mashua ndogo, wao wawili na ndege wa Moza, shorewanda mwenye mashavu meupe aitwaye Fasihi, ambaye alisema kwa ulimi wa binadamu na hakujua kusema uongo, na kwa hiyo hakuwa na marafiki wengi.

"Bwana Thani," akasema Moza, huku akifunga kamba kiunoni, "umewahi kuvuta kamba ya maji?"

"Bibi, nimevuta kamba tangu wewe unacheza na wanasesere. Kamba ni kamba."

"Lakini hii ina tabia yake. Kiriba kiki..."

"Shuka, bibi, shuka! Mwalimu hafundishwi alifu."

Moza akamtazama kwa jicho moja. "Haya, mwalimu. Ila ukinizamisha, nitakuja kukusumbua ndotoni."

"Karibu hata leo," akasema Thani, na maneno yalipokwisha kumtoka masikio yake yakawaka moto, na Moza akabana pua kwa kibanio cha pembe, haijulikani kama ni kwa kuzama au kwa kuzuia kicheko, akatumbukia.

Kamba ikateleza mikononi mwa Thani pima moja, na mbili, na tatu, kisha ikatulia imekaza vizuri, naye akatabasamu. Mara ikalegea. Wala Thani hakufikiri, kwa kuwa miaka ishirini ilifikiri badala yake: akaegemea nyuma, akavuta kwa mgongo na mapaja na tumbo na yote aliyojaliwa na Mola. Kamba ikakwama, ikakwaruza juu ya kitu kigumu. Akavuta tena. Ikaja nyepesi mno, na ncha yake imekatika, nyuzi zimefumka kama ndevu za mbuzi, na Moza hakuwapo.

Bahari ikafanya bonde mbele ya mashua, na katika bonde lile akapanda jini mrefu kama mtende, nusu yake ya kuume rangi ya majani mabichi na nusu ya kushoto buluu, na ndevu zake upande mmoja zikidondoka maji matamu na upande wa pili maji ya chumvi, na usoni ana uchovu wa karani wa forodha aliyesahauliwa na bwana wake.

"Amani iwe juu yako, ewe binadamu," akasema jini.

"Na juu yako pia, ewe... ewe mkubwa," akajibu Thani, na meno yake yakigongana.

"Jina langu ni Hajizi. Nabii Suleimani, amani iwe juu yake, aliniweka hapa chini ya pete ya jiwe, niwe kizuizi baina ya maji na maji, haya yasiyadhulumu yale, mpaka siku watu wa nchi hii watakapoiita nchi yao jina moja kwa kinywa kimoja. Nimekaa miaka elfu mbili nikisikiliza, na sikusikia ila ugomvi. Leo kamba yako imeing'oa pete mahali pake, na hukumu ya kiapo ni kwamba mkono uliokuwa juu ya chemchemi saa hiyo ndio utakaozuia badala yangu. Bibi yule amekaa kitini pangu. Anapumua, hana jeraha, na ananitukana. Lakini ikipita adhuhuri ya siku ya tatu bila ya jina, kiti ni chake daima, nami niko huru."

Thani akalia. "Basi wewe wapenda nishindwe!"

Jini akainamisha kichwa, na ndevu zake zikachuruzika pande zote mbili. "Usiniulize hilo. Nimechoka, ndiyo. Lakini sitakudanganya."

"Na yeye anasema nini?"

"Anasema, mwambie yule mwalimu wa alifu..." Jini akasita kwa haya. "Mengine siwezi kuyatamka. Mwisho anasema ufanye haraka."

Thani akapiga makasia mpaka pwani, na pale pwani akamkuta Bibi Hissa, mama yake Moza, mkuu wa watu wa maji, akishona viriba. "Mama," akasema, "jini amemchukua Moza, na dawa yake ni jina la nchi." Na hayo yalikuwa kweli, ila yalikuwa kweli iliyokatwa katikati kama ile kamba, kwa kuwa hakusema kwa nini jini alipanda, na hakusema kwa sababu aliona haya.

"Na kamba je?" akauliza Fasihi.

Thani akamtia katika kizimba chake, akakifunika kwa kilemba, akaondoka nacho mbio huku akisikia nyuma yake Bibi Hissa akimwomba Mola kwa sauti.

Siku ya kwanza akafika kwenye vilima vya makaburi, vilima kwa maelfu, vimepangana mpaka upeo wa macho, na baina yake moshi wa tanuri za wafinyanzi. Mfinyanzi mkuu, jina lake Dhiyab, alikuwa na udongo mpaka nyusini.

"Jina lipo tayari," akasema Dhiyab. "Bustani ya Wasiozeeka. Ndivyo walivyoiita hawa waliolala hapa."

"Wasiozeeka? Mbona wamekufa?"

"Nani kakwambia walizeeka? Walikufa, basi."

Thani angekuwa na moyo wake wa siku zote angelichukua jibu hilo akalitembeza barazani mwezi mzima. Siku ile hakucheka. Akauliza, "Na watu wa lulu watakubali jina hilo?"

"Watu wa lulu," akasema Dhiyab, akirudi kwenye gurudumu lake la kufinyangia, "wana adabu gani ya kuulizwa?"

"Na kamba je?" ikasema sauti chini ya kilemba.

"Unasemaje?" akauliza Dhiyab.

"Tumbo langu hilo," akasema Thani.

Siku ya pili akaenda kusini, mahali ambapo mchanga hauna mwisho wala jani, na katikati ya mchanga umesimama mti mmoja tu, mpana, wa kijani, matawi yake yanagusa chini, na hakuna aliyepata kuona unakunywa wapi. Mchunga ngamia aliyekaa kivulini akasema jina la nchi ni Mti, na anayetaka jina refu zaidi ana muda wa kupoteza. Thani akaweka kiganja juu ya gome, na gome lilikuwa baridi, jua likiwa utosini. "Unakunywa wapi mti huu?" akauliza. "Umeufikia," akajibu mchunga ngamia. "Uulize mwenyewe." Akatoka hapo akamfuata Nahodha Badri, mkuu wa wazamiaji wa lulu, aliyemfanyia kazi miaka ishirini, na Badri akamwambia, "Thani, wewe ni mtu wetu. Sema Kitanda cha Lulu kisha tunywe kahawa." Wenye mitende wakamfukuza kwa makuti.

Basi asubuhi ya siku ya tatu akaingia baraza la Sultani Mudhaffar, na kizimba mkononi, na kichwa wazi kwa kukosa kilemba, akabusu zulia, akasema: "Ewe Maulana, taji la Ghuba na kimbilio la walionyongeka, mja wako ameleta shauri la nafsi moja iliyo chini ya bahari." Na sultani alipokwisha kusikia habari ya jini akaamuru wakuu wote waletwe, na wakaletwa, Dhiyab na udongo wake, na mchunga ngamia na fimbo yake, na Nahodha Badri, na mkuu wa mitende, na Bibi Hissa akaja bila kuitwa.

"Shauri jepesi," akasema sultani. "Tangu leo nchi inaitwa Mudhaffaria."

"Labeka, Maulana!" wakaitika mawaziri saba.

Nahodha Badri akamwinamia mkuu wa mitende. "Mudhaffaria ndiyo wapi?"

"Sijui. Labda upande wenu."

Na hapo ugomvi ukawaka, kila mtu na jina lake, na fimbo ya mchunga ngamia ikapita juu ya vichwa, na kadhi akaamka akauliza nani ameuawa. Jua likapanda katika madirisha. Thani akatazama kivuli cha nguzo kikifupika juu ya sakafu, na moyo wake ukafupika nacho, na ndani ya kizimba Fasihi akajikohoza.

"Na ka..."

"Nyamaza," akasema Thani. "Leo nitasema mwenyewe."

Akafunua kizimba, akasimama katikati ya baraza lile lile la watu aliowacheka maisha yake yote, akasema: "Mabwana, jini hakupanda kwa hiari yake. Mimi ndiye niliyempandisha. Nilikuwa nimeshika kamba ya Moza, na kamba ikalegea, nami nikavuta kama tuvutavyo kwenye lulu, nikaing'oa pete ya Suleimani na kamba ikakatika. Alitaka kunieleza kabla hajashuka. Nilimnyamazisha."

Na Bibi Hissa akavuka zulia la sultani na viatu vyake, akasimama mbele ya Thani, akampiga kofi moja ambalo mawaziri wote saba walikubaliana nalo.

"Mtu mzima na ndevu zake!" akasema, na machozi yanamtoka. "Kamba ya maji ikilegea ndiyo kiriba kimejaa! Maji matamu ni mepesi, ya chumvi ni mazito, kiriba kikijaa hukubeba kwenda juu! Mtoto wa Mwambani wa miaka mitano anajua! Ulikuwa ukae, ungoje, mpaka aguse kamba!"

Mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akacheka, na kicheko kikapanda ngazi kwa ngazi mpaka baraza zima likatikisika, na Thani akasimama katikati yake kama aliyenyeshewa, na ajabu ni kwamba hakufa. Lakini sultani hakucheka.

"Bibi," akasema, "kiriba hujazwa wapi?"

"Chini, Maulana. Chini ya bahari."

"Chini ya bahari kuna maji matamu?"

"Yapo, Maulana. Yanapita chini yetu yote, kutoka bara. Juu bahari ya chumvi, chini bahari ya maji matamu, wala hazichanganyiki. Ndiyo maji unayoyanywa. Tulidhani mwajua."

Kicheko kikazimika. Mchunga ngamia akaishusha fimbo yake. "Basi ndiko unakokunywa mti wangu," akasema polepole. Na mkuu wa mitende akasema visima vyake navyo havijapata kukauka, na yeye hakuwahi kuuliza sababu. Na Nahodha Badri akakuna ndevu, akasema lulu zing'aazo kupita zote hutoka karibu na Mwambani, na yeye siku zote alidhani ni baraka za babu yake. Na Dhiyab akasema kwa sauti ya chini, "Hata wale wetu wa vilimani hawakukaa hapa kwa kupenda mchanga."

"Tumekaa juu ya bahari mbili," akasema Bibi Hissa, "na ninyi mnagombania kitanda na kivuli."

Hakuna aliyeamuru. Sultani alisema Bahari Mbili kama mtu anayejisemea, na Badri akalisema, na mfinyanzi akalisema akilionja, na lilipomfikia mchunga ngamia akasema ni refu lakini atavumilia. Na kwa lugha yao wenyewe, Kiarabu, wakaliita Bahreni. Wenye vitabu vizito wana maelezo yao juu ya jina hilo, nayo hekaya ina yake.

Wakatoka mbio wote, sultani kwa miguu kwa kuwa farasi alichelewa kutandikwa, na kivuli kilikuwa kimebaki kidogo tu chini ya nyayo zao walipofika pwani ya Mwambani wakapaza sauti kwa kinywa kimoja. Bahari ikafunguka. Hajizi akapanda polepole, na akasikiliza, na akaomba walirudie, nao wakalirudia, na machozi yake yakatoka upande mmoja matamu na upande mmoja ya chumvi.

"Sasa nani atazuia?" akauliza Thani.

"Hakuna," akasema jini. "Mpaka unaotajwa na watu wake kila siku hauhitaji mlinzi. Wewe umesafiri, Thani bin Ghanim. Niambie, wapi duniani pana utulivu? Sijui pa kwenda."

"Bwana Hajizi, kila nilikofika niliwacheka watu badala ya kuwauliza. Anza wewe kwa kuuliza."

Jini akacheka, akafumbua kiganja, na ndani yake alikuwamo Moza, ameloa, amekumbatia kiriba kilichojaa mpaka mdomoni, na kila kidole chake kina mikunjo ya siku tatu. Jini akampa ujira wa kumshikia kiti, nao ni lulu zote zilizojikusanya chini ya pete kwa miaka elfu mbili, kisha akatoweka kuelekea mashariki, akitembea kama mstaafu.

Moza akamkumbatia mama yake muda mrefu. Kisha akamgeukia Thani. "Nasikia umechekwa."

"Na nchi nzima, bibi."

"Bila mimi kuwapo! Huu ni udhalimu."

"Nitalisimulia tena kosa lote mbele yako, kila siku, ukinikubalia kukaa karibu."

Moza akakamua ushungi wake. "Mahari yangu nitakutajia. Sitaki dhahabu, lulu ninazo. Utashuka chini wewe, kwa pumzi yako, ujue unashika nini unaposhika kamba ya mtu."

Wakaoana, na sultani akatoa karamu ya siku saba, na kadhi akafungisha ndoa akiwa macho. Lulu zikawajengea nyumba Mwambani na mashua kumi kwa watu wa maji, na sultani akaweka desturi kwamba kila mwaka mzamia lulu akae siku moja na mzamia maji, na mfinyanzi na mchunga ngamia, wakaulizana habari za kazi. Mafunzo ya hekaya hii ndiyo hayo: kwamba watu waweza kuishi mlango kwa mlango miaka elfu mbili na kunywa maji ya mikono ya wenzao bila kuwajua, na aliye radhi kuchekwa kwa kosa lake huwaokoa wengi.

Ama Thani, alilipa mahari siku ya nane. Akashuka akiwa na jiwe miguuni na hofu tumboni, masikio yakimlia, mpaka akafika pale maji yanapobubujika kutoka mwambani, akanyoosha mkono. Na akaona, baina ya bahari na bahari, maji yakitetemeka kama hewa ya mchana juu ya mchanga wa moto, upande huu baridi na upande huu vuguvugu, bila ukuta, bila mlinzi, kila moja imekaa mahali pake. Akatamani kusema neno, na hapakuwa na mahali pa kusemea. Na alipovutwa juu, Moza na Bibi Hissa wakamwinamia wakamuuliza ameona nini, na yule mtu wa visa elfu akafungua kinywa, akakifunga, akawaomba maji ya kunywa.

Hapo ndipo tulipowaacha, nao wazima, na sisi tuliosikia tuzidi kuwa wazima.